Isabel Alvarez wa Havana: mkono ulikuwepo, kwa nini hakudumu kama mrushaji wa timu moja?

#1 Mdau wa Besi ya Tatu
Wakuu salaam. Leo tumjadili Isabel Alvarez, Mcuba aliyecheza besiboli ya kulipwa kwenye ligi ya wanawake ya Marekani, ile All-American Girls Professional Baseball League iliyoishi 1943 hadi 1954. Kazaliwa Havana 1933, mtoto wa mtaa wa El Cerro, mrushaji (anayemrushia mpigaji mpira) wa mkono wa kushoto, ndiyo maana Wamarekani walimwita Lefty, yaani Mashoto. Kaingia Marekani 1949 akiwa na miaka 15, Kiingereza hana hata cha kuombea maji. Akaanzia Chicago Colleens, 1951 akawa Fort Wayne Daisies, baada ya hapo ni kuhama tu: Battle Creek, Kalamazoo, Grand Rapids, kisha Fort Wayne tena.

Mashoto mwenye nguvu ni mali adimu kwenye besiboli. Timu ikimpata haimwachii kirahisi. Huyu kwa nini alizungushwa hivyo? Mimi nasema ni lugha. Mrushaji asiyeelewana na mdakaji wake, yule anayeudaka mpira nyuma ya mpigaji, hata awe na mkono wa chuma hafiki mbali. Karibuni mnipinge.

#2 Kapu la Takwimu
Nakupinga mapema. Mrushaji na mdakaji hawaongei kwa mdomo, wanaongea kwa vidole. Kidole kimoja mpira wa kasi, viwili mpira wa mkunjo, mrushaji anaitikia kwa kichwa, basi. Mtoto wa Havana alikuwa anajua hayo kabla hajapanda ndege, maana ishara hizo hazina utaifa.

#3 Pwani Shoto
Nimeweka kiti hapa, endeleeni.

#4 Mzee wa Iningi
#2 umesema nusu. Vidole vinatosha kama besi ya pili (kituo cha pili kati ya vinne anavyopitia mkimbiaji) haina mtu. Akishafika mkimbiaji pale anamwona mdakaji uso kwa uso, anasoma ishara zote na kumtonya mpigaji. Hapo timu inabadili mfumo: mdakaji anaonyesha ishara nne au tano mfululizo, na inayohesabika ni ya pili tu, au ile inayofuata baada ya ngumi, au inategemea idadi ya waliokwisha tolewa. Mfumo huo unapangwa kwa maneno, benchi au pale kwenye kilima cha mrushaji, na unaweza kubadilishwa katikati ya iningi, yaani awamu moja ya mchezo. Binti asipoelewa, mdakaji anasubiri mkunjo, unakuja mpira wa kasi, unampita, mkimbiaji anakula besi ya bure.

Na hiyo ni sehemu moja tu. Kuna kuambiwa nani afunike besi ya kwanza mpira ukibembelezwa kwa gongo (ukiguswa tu badala ya kupigwa), kuna kupewa tabia ya kila mpigaji kabla ya mechi, kuna kukaripiwa na kocha ukaelewa unakaripiwa kwa lipi. Kwa hiyo mleta mada hajakosea sana.

#5 Gongo la Mwaloni
Tatizo la hoja ya lugha ni Migdalia Pérez. Naye Mcuba, naye mrushaji, na alidumu kuanzia 1948 mpaka ligi inakufa 1954, miaka ya mwisho akiwa Rockford Peaches, timu iliyokuwa na mataji kuliko zote. Mirtha Marrero naye hivyo hivyo, mrushaji wa Havana, alikaa misimu kadhaa. Kama Kiingereza ndicho kilichokata mikono, kwa nini cha hao hakikukata?

#6 Mdau wa Besi ya Tatu
Hao hawakuingia wakiwa na miaka 15, mkuu. Umri nao uhesabiwe.

#7 Dada Kilima
Mnaacha jambo kubwa kuliko yote: ile ligi haikuwa mchezo mmoja. Ilianza 1943 kama sofboli iliyoongezewa uhuru wa kuiba besi (kukimbilia besi inayofuata kabla mpira haujapigwa), ikaishia 1954 ikiwa besiboli kamili, na katikati kanuni zilibadilishwa karibu kila baada ya msimu au miwili. Angalieni upande wa mrushaji.

Mwaka 1943 mpira una mzingo wa inchi 12, yaani sentimita 30 na nusu, unarushwa kwa mkono wa chini kutoka futi 40. Besi hadi besi ni futi 65. Mwaka 1946 mpira umeshuka hadi inchi 11 na kurusha kwa ubavu kukaanza kuruhusiwa, mwaka uliofuata kukaachiwa kabisa. 1948 ndiyo mapinduzi: kurusha kwa juu ya bega, mpira wa inchi 10 na 3/8, umbali futi 50. Mwaka 1949, ndio huo Alvarez anaingia, mpira inchi 10 na umbali futi 55. Mwaka 1953 futi 56, besi zimefika 75. Halafu Julai 1954, msimu uko katikati, wanaleta mpira wa wanaume, inchi 9 hadi 9 na robo, umbali futi 60 na besi futi 85.

Mrushaji anajifunza kwa mwili, si kwa kichwa. Umbali na unene wa mpira ukibadilika, kila kitu alichokariri bega lake kinakuwa kibaya.

#8 Kapu la Takwimu
Naongezea hesabu kwenye bandiko la Dada Kilima. Chukulia mpira unakwenda kilomita 110 kwa saa. Kutoka futi 55 (mita 16.8) unafika kwa sekunde 0.55. Kutoka futi 60 (mita 18.3) unafika kwa sekunde 0.60. Nusu ya sehemu ya kumi ya sekunde inaonekana si kitu, lakini kwa muda huo mvutano wa ardhi unauteremsha mpira kama sentimita 28 zaidi, ukiacha mzunguko na upepo. Rusha ile ile iliyokuwa inapita usawa wa kiuno sasa inapita usawa wa paja, na iliyokuwa inapita goti inakaribia kuchimba vumbi. Ukijirekebisha kwa kuachia mpira mapema, unapanda mno. Hapo ndipo mipira minne ya bure inapozaliwa, yaani mirusho minne iliyokosa eneo, na mpigaji anapewa besi ya kwanza bure.

#9 Dada Kilima
Ndiyo hiyo. Na mkunjo ndio unaoumia zaidi, kwa sababu mpira mdogo unazunguka vingine vidoleni. Wa inchi 10 unaukamata kwa vidole vitatu kama mkono ni mdogo, wa inchi 9 unataka viwili juu na gumba chini. Ukiubana sana kiganjani unapoteza kasi, ukiulegeza unateleza. Kwa mtu aliyezoea, kuhama ni wiki kadhaa za kurusha kila siku, na ratiba yao ya mechi karibu kila jioni haikuwapa hizo wiki.

#10 Gongo la Mwaloni
Hesabu nzuri, ila haijibu swali. Mabadiliko makali kabisa ni ya 1954, mwaka wa mwisho. Alvarez alishahamishwa mara kadhaa kabla ya hapo. Kuanzia 1949 mpaka 1952 umbali ulisimama futi 55 na mpira inchi 10, kipindi kilichotulia kuliko vyote kwa mrushaji. Aliingia wakati mzuri, si mbaya.

Mwaka 1954 walioumia ni warushaji wote, si yeye peke yake. Joanne Weaver wa hapo hapo Fort Wayne alipiga wastani wa .429 mwaka ule, yaani mapigo 429 yaliyofaulu kwa kila majaribio 1,000. Wapigaji walikula sikukuu.

#11 Mwanasheria wa Ligi
Habari zenu. Jibu lipo kwenye mikataba. Mchezaji hakuwa mali ya timu, alikuwa mali ya ligi. Kulikuwa na bodi ya mgao: kila mwanzo wa msimu inagawa wachezaji ili timu zilingane nguvu, na katikati ya msimu inaweza kumng'oa mtu timu yenye nguvu na kumpeleka inayozama, maana timu moja ikishinda kila siku watazamaji wanaacha kuja. Alvarez alizungushwa na mfumo. Wenyewe mnatafuta kasoro kwenye mkono wa mtu wakati kosa ni la karatasi.

#12 Mzee wa Iningi
Mwanasheria, mgao ni wa kweli lakini tazama miaka. Wrigley, mwenye Chicago Cubs, alianzisha ligi 1943 akaiachia baada ya msimu wa 1944. Akashika Arthur Meyerhoff na kampuni ya uendeshaji mpaka msimu wa 1950. Kuanzia 1951 wenye timu waliichukua ligi wenyewe, kila timu ikajitafutia wachezaji, matangazo na hela. Alvarez anaingia timu za ligi yenyewe 1951. Kabla ya hapo, 1949 na 1950, yuko Colleens, na Colleens wa miaka hiyo haikuwa timu ya msimamo, ilikuwa timu ya kuzunguka.

#13 Mwanasheria wa Ligi
Tabia ya mgao haikufa siku moja. Wenye timu waliendelea kukopeshana wachezaji kwa sababu timu zenyewe zilikuwa zinakufa. Racine Belles walihamia Battle Creek 1951, na 1953 wakawa Muskegon. Kalamazoo Lassies nao walitokea Muskegon, walihama msimu wa 1950 ukiwa katikati. Timu inapofilisika, wachezaji wanasambaa. Huwezi kuita hiyo kushindwa kwa mrushaji.

#14 Pwani Shoto
Huyo Mwanasheria hakubali kushindwa hata refa akishaondoka uwanjani 😂

#15 Binti Havana
Naomba nielezee hizo timu za kuzunguka, maana zimepitwa haraka. Chicago Colleens na Springfield Sallies waliingia ligi 1948, wakabamizwa na watazamaji hawakuja. Badala ya kuzifuta, ligi ikazigeuza kuwa darasa: 1949 na 1950 zilipanda basi zikazunguka mashariki na kusini mwa Marekani, zinacheza zenyewe kwa zenyewe, mji mpya karibu kila siku. Lengo lilikuwa mawili, kutangaza ligi na kupika wachezaji wachanga. Mwaka 1950 walicheza hadi Yankee Stadium.

Sasa fikirieni mrushaji wa miaka 15 analelewa humo. Faida: anarusha sana bila shinikizo la msimamo. Hasara: anarusha kwa wapigaji wale wale. Sallies wakishaujua mkunjo wako wiki ya pili, unacheza nao mwezi mzima wakiwa wameshaukariri, au mnazoeana mpaka wote mnadhani mnaweza. Ukipandishwa Fort Wayne unakutana na wapigaji kama wanne watano ambao hawajawahi kukuonea huruma. Kilima chenyewe kila mji kina urefu wake, kingine kipo uwanja wa sofboli kimemwagwa udongo asubuhi hiyo hiyo. Mguu wa kutua ukikuta shimo, bega linafunguka mapema na mpira unakwenda nje.

Mimi naiweka hiyo juu ya lugha na juu ya mgao.

#16 Mgeni Njiani
Samahani wataalamu, hivi Alvarez ndiye Mcuba wa kwanza kwenye ile ligi?

#17 Binti Havana
Hapana. Wa kwanza ni Eulalia Gonzales, walimwita Viyalla, alisajiliwa Racine Belles 1947. Hakukaa, alirudi nyumbani msimu ule ule. Baada yake ndiyo wakaja kina Pérez, Marrero, Gloria Ruiz, Luisa Gallegos, Ysora Castillo na wengine.

Chanzo ni kambi ya mazoezi ya 1947. Ligi nzima, wachezaji kama 200, ilipelekwa Havana, wakafanya mazoezi Gran Stadium, uwanja uliofunguliwa Oktoba 1946. Uwanja huo uko El Cerro, mtaa aliokulia Alvarez. Alikuwa na miaka 13. Wacuba walijaa kuwatazama, na wanawake wa Havana nao wakawa na timu zao.

#18 Kocha Mstaafu wa Mtaani
Ile kambi ndiyo waliyoshindana kwa watazamaji na Jackie Robinson, yule mweusi aliyevunja ubaguzi wa ligi kuu ya wanaume 1947, sivyo?

#19 Kapu la Takwimu
Mji mmoja na masika yale yale, ndiyo. Brooklyn Dodgers walikwenda Havana 1947 ili kumkwepesha Robinson na ubaguzi wa Florida. Ila Robinson wakati wa mazoezi alikuwa bado mchezaji wa Montreal Royals, alipandishwa Brooklyn Aprili 10. Na hata Havana alilazwa mbali na wachezaji weupe.

#20 Kocha Mstaafu wa Mtaani
Sasa hapo ndipo ninapotaka kufika. Kwa nini Wacuba? Ligi ile haikumchukua mwanamke mweusi hata mmoja mpaka inakufa 1954, miaka saba baada ya Robinson. Mamie Johnson, mrushaji mweusi, alikwenda kwenye majaribio yao Virginia, hawakumpa hata mpira. Akaishia Indianapolis Clowns, ligi ya weusi, akarusha dhidi ya wanaume. Lakini Wacuba wakafunguliwa mlango. Wacuba weupe. Hili lilishafanywa na ligi kuu ya wanaume: Almeida na Marsans waliingia Cincinnati 1911, ilhali Mcuba mweusi alisubiri mpaka Minnie Miñoso 1949.

#21 Mgeni Njiani
Kwa hiyo Toni Stone, yule mwanamke mweusi, alikuwa ligi moja na Alvarez?

#22 Kocha Mstaafu wa Mtaani
Hapana kabisa. Stone alikuwa Clowns 1953, besi ya pili, pamoja na wanaume. Mamie Johnson alijiunga mwaka huo huo, Connie Morgan 1954. Wote watatu wa timu moja. Alvarez na hao waliishi nchi moja, wakati mmoja, kazi moja, na hawakuweza kukutana uwanjani.

#23 Dada Kilima
Rangi inaeleza nani aliruhusiwa, haielezi nani alitafutwa. Wacuba walitafutwa kwa sababu ya kiufundi. Mwaka 1948 ligi ilipohamia kurusha kwa juu, warushaji wake karibu wote walikuwa wametoka kwenye sofboli, mkono wa chini. Wengine waligeuzwa kuwa wa besi ya kwanza au wa uwanja wa nje, wengine waliacha. Ligi ikabaki na njaa ya mikono inayorusha kwa juu. Havana wasichana walikulia kwenye besiboli, kurusha kwa juu ndiko walikokujua. Linganisheni miaka: kurusha kwa juu 1948, Wacuba wanamiminika 1948 na 1949.

#24 Kocha Mstaafu wa Mtaani
Na Ruiz na Gallegos? Wote hawakuwa warushaji.

#25 Dada Kilima
Gallegos alirusha.

#26 Gongo la Mwaloni
Mnaacha sababu ya tatu, biashara. Mcuba kwenye tangazo alikuwa anauza tiketi, na ligi ilikuwa inaota tawi la Amerika ya Kusini. Mwaka 1949 walipeleka timu kuzunguka huko. Wasichana wa Havana walikuwa sehemu ya mpango huo. Mpango ulipokufa, aliyewaleta hakuwa na haja nao tena, na Alvarez akabaki mchezaji asiye na mwenyewe. Hiyo inaeleza kuzungushwa kwake vizuri kuliko vidole vya mdakaji.

#27 Shabiki wa Marinda
Jamani na zile sketi walizochezea? Nasikia hata Wacuba walipitishwa shule ya adabu, kupaka poda na kukaa kistaarabu.

#28 Mzee wa Iningi
Shule ya urembo, ile ya Helena Rubinstein ikiwa ya kwanza, ilikuwa miaka ya mwanzo, 1943 na 1944. Wacuba hawakuikuta. Walichokikuta ni mlezi wa kike wa timu anayelala nao hotelini, na faini kwa anayeonekana hadharani na suruali.

Sketi zilibaki mpaka mwisho. Mrushaji wa mkono wa chini ndiye aliyeteseka, mkono ukipita pajani unagonga rinda, wakawa wanalibana kwa pini. Kwa anayerusha juu halikuwa tatizo. Mateso yalikuwa kwenye kuteleza chini kuifikia besi: paja tupu juu ya changarawe, ngozi inachubuka, kesho unateleza pale pale. Vidonda vilifungwa pedi iliyotobolewa katikati ili kitambaa kisigande.

#29 Pwani Shoto
Kumbe rede ya uswahilini ilikuwa na afadhali.

#30 Mdau wa Besi ya Tatu
Turudi kwenye mkono. Hakuna aliyegusa ushoto wenyewe. Mashoto akisimama kilimani anatazama besi ya kwanza ana kwa ana. Mkimbiaji hawezi kujisogeza mbali. Kwenye ligi iliyojengwa juu ya wizi wa besi, Sophie Kurys aliiba 201 msimu wa 1946 peke yake, mashoto alitakiwa kuwa dhahabu. Kwa nini Fort Wayne wasimng'ang'anie?

#31 Mzee wa Iningi
Kwa sababu kumtazama si kumzuia. Mashoto akinyanyua mguu wa kulia ana njia mbili: aukanyage kuelekea besi ya kwanza arushe huko, au aukanyage kuelekea nyumbani arushe kwa mpigaji. Akikanyaga katikati, refa anahesabu udanganyifu na mkimbiaji anapewa besi. Kuna mashoto wanaojua kuunyanyua mguu kwa namna moja isiyosomeka, na kuna ambao goti linasema kila kitu. Ni ufundi wa kufundishwa hatua kwa hatua, kwa maneno mengi. Ndiyo narudi kwenye lugha.

#32 Kapu la Takwimu
Wizi wa Kurys ulikuwa zama za mkono wa chini. Zama za Alvarez mambo yalishabadilika, wizi umepungua, wapigaji wanapiga mbali. Thamani ya mashoto anayebana besi ya kwanza ilikuwa inashuka kila mwaka.

#33 Binti Havana
Halafu mashoto ana mlango mmoja wa hasara usiotajwa. Mrushaji wa kulia akikosa shabaha, kocha anamficha besi ya pili, ya tatu, katikati, popote. Mashoto hawezi kucheza huko, kwa kuwa kila mpira akishaudaka lazima ageuze mwili mzima ndipo arushe besi ya kwanza. Amebaki na besi ya kwanza na uwanja wa nje. Timu zile zilikuwa na wachezaji wachache, kila mtu alitakiwa kujua nafasi mbili. Mrushaji mashoto anayeyumba alikuwa anakula nafasi ya mtu ambaye angefanya kazi mbili, na ndiye wa kwanza kupelekwa timu nyingine.

#34 Gongo la Mwaloni
Dottie Kamenshek wa Rockford alikuwa mashoto na ndiye besi ya kwanza bora ya ligi nzima.

#35 Binti Havana
Kamenshek alikuwa anapiga. Weka gongo lake mkononi mwa Alvarez tujadiliane upya.

#36 Mwanasheria wa Ligi
Hayo yote sawa, ila mwaka 1952 Battle Creek walikuwa wanakata pumzi, na wanaume wa ligi ndogo walikuwa wamepiga marufuku kusajili mwanamke, baada ya timu yao ya Harrisburg kumsajili Eleanor Engle Juni mwaka huo. Mchezaji hakuwa na pa kukimbilia, timu ikikutupa unakwenda utakakoitwa. Rudini kwenye bandiko langu #11.

#37 Mzee wa Iningi
Tumesharudi mara tatu mkuu, miaka hiyo bodi ya mgao haikuwepo tena.

#38 Mgeni Njiani
Asanteni. Baada ya 1954 alirudi Havana?

#39 Binti Havana
Alibaki Fort Wayne, Indiana, akachukua uraia wa Marekani. Havana nako besiboli ya kulipwa ilifutwa baada ya mapinduzi, msimu wa mwisho wa ligi ya wanaume ni 1960 hadi 1961. Wachezaji wa ligi ya wanawake walikutana tena Chicago 1982, na Novemba 1988 jumba la kumbukumbu za besiboli la Cooperstown likafungua onyesho lao, majina yote ukutani, la kwake likiwemo.

#40 Mdau wa Besi ya Tatu
Nani ana rekodi za Fort Wayne za 1951, mechi kwa mechi? Nataka kuona alianzishwa kilimani mara ngapi ikilinganishwa na kuingizwa katikati ya mchezo. Kama aliingizwa tu timu ikiwa imeshafungwa, hoja ya Binti Havana inasimama. Kama alianzishwa kisha akatolewa mapema, nabaki na lugha yangu.

#41 Dada Kilima
Angalia na mipira minne ya bure, usiangalie ushindi peke yake.